Ubao Mmoja na Mshiko wa Kalamu

Raketi ya tenisi ya meza ina sehemu mbili: kibao cha mti, na raba inayobandikwa juu yake. Raba huchakaa baada ya miezi michache ya mazoezi, ikabanduliwa na kutupwa. Kibao hudumu miaka. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi ya Meza, ITTF, zinamwachia mchongaji nafasi pana: kibao kinaweza kuwa cha ukubwa wowote, umbo lolote na uzito wowote, mradi kiwe bapa na kigumu, na angalau asilimia 85 ya unene wake iwe mti wa asili. Katika gundi inayounganisha tabaka inaruhusiwa kutiwa nyuzi za kaboni au za kioo, lakini tabaka hilo lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote wala milimita 0.35. Raba ndiyo inayobanwa zaidi. Ni lazima iwe kwenye orodha ya ITTF na ibebe nembo yake. Kibao hakina orodha kama hiyo. Kikitimiza masharti ya mti, ubapa na ugumu, kinaingia mashindanoni, kiwe kimetoka kiwandani Sweden au kwenye karakana ya uchochoroni.

Karakana za namna hiyo ziko Kuze na katika mitaa mingine ya Mji wa Kale wa Mombasa, kama Kibokoni, Mkanyageni na Ndia Kuu. Useremala wa Mji wa Kale umejengeka juu ya mbao nzito: milango ya nakshi, roshani zinazotokeza juu ya vichochoro, masanduku, vitanda na viti vya enzi. Fundi wa kazi hiyo ana randa, patasi, tupa, msumeno mwembamba na jiliwa, na jicho lililozoea kusoma nyuzi za mbao. Vyombo hivyo vinatosha kabisa kuchonga kibao cha tenisi ya meza, lakini si kila aina ya kibao. Vingi vya kisasa ni vya tabaka tano au saba, na tabaka la juu huwa na unene wa nusu milimita hivi. Kupata ngozi nyembamba kiasi hicho kunataka mashine ya kukwangua gogo, na kuzibandika bila kiputo kunataka shinikizo kubwa lililo sawa kila mahali. Kipo kibao kimoja kisichotaka lolote kati ya hayo, nacho ni kile cha Kijapani cha ubao mmoja mnene, kilichobuniwa kwa ajili ya mchezaji anayeshika raketi kwa mshiko wa kalamu. Hicho ndicho kinachofaa kuzungumzwa Kuze.

Mishiko mikubwa ya tenisi ya meza ni miwili. Katika mshiko wa kwanza mchezaji huukamata mpini kwa mkono mzima, kama anayempa mwenzake mkono, na hupiga kwa nyuso zote mbili za raketi. Huu ndio unaotumiwa na wachezaji wengi duniani, na karibu wote wa Afrika, akiwemo Quadri Aruna wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya Olimpiki, huko Rio mwaka 2016. Katika mshiko wa pili raketi huning'inia, kichwa kikielekea chini na mpini ukielekea juu. Kidole gumba na cha shahada huzunguka shingo ya mpini kwa mbele, na vidole vitatu vilivyobaki hukaa nyuma ya kibao. Wachina huvikunja vidole hivyo vya nyuma, kimoja juu ya kingine, na ubavu wa kidole cha kati tu ndio unaogusa mti. Wajapani na Wakorea huvinyoosha vikasambaa mgongoni mwa kibao na kukitegemeza kila mpira unapogonga.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Japani uliupata mwaka 1902, ukipelekwa na mwalimu wa mazoezi ya viungo Tsuboi Gendo, na ni Asia ya Mashariki ambako mshiko wa kalamu uliota mizizi. Ulimwengu ulishtuka mwaka 1952 mjini Bombay, pale Hiroji Satoh wa Japani alipochukua ubingwa wa dunia kwa raketi iliyobandikwa sponji nene, ambayo wapinzani wake hawakuweza hata kuisikia ikigonga mpira. Tangu hapo hadi mwaka 1965 ubingwa wa dunia wa wanaume ulitoka mikononi mwa Asia mara moja tu, mwaka 1953, ulipokwenda kwa Ferenc Sidó wa Hungaria. Ichiro Ogimura aliutwaa mwaka 1954 na 1956, Toshiaki Tanaka mwaka 1955 na 1957. Mwaka 1959 Rong Guotuan akawa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mchezo wowote, kisha Zhuang Zedong akashinda mara tatu mfululizo: 1961, 1963 na 1965. Ogimura, Rong na Zhuang wote walishika kalamu. Zhuang ndiye yuleyule ambaye Aprili 1971, mjini Nagoya, alimsalimu na kumpa zawadi Mmarekani Glenn Cowan ndani ya basi la timu ya Uchina, salamu iliyofungua mlango wa mazungumzo kati ya Beijing na Washington. Novemba ya mwaka huohuo Beijing iliandaa mashindano ya urafiki ya nchi za Afrika na Asia, na tenisi ya meza ikawa njia mojawapo ya Uchina kufanya urafiki na mataifa machanga ya bara hili.

Nguvu ya mshiko wa kalamu iko kwenye kifundo cha mkono. Raketi inaponing'inia, kifundo huwa huru kugeuka pande zote, na mchezaji anaweza kuukata mpira, kuuzungusha kwa ubavu au kuusukuma bila mzunguko wowote kwa mwendo ambao mpinzani anauona ni uleule. Faida hii huonekana zaidi wakati wa kuanzisha mpira, na katika mipira mifupi inayodunda mara mbili juu ya meza. Hata wanaoshika raketi kwa mkono mzima huhamisha vidole wakati wa kuanzisha. Huubana ubao kwa gumba na kidole cha shahada ili kukifungua kifundo, kisha hurudi haraka kwenye mshiko wao.

Pigo kuu ni la kiganja, yaani lile linalopigwa kiganja kikielekea mbele. Hapo kidole gumba ndicho kinachokandamiza bega la kibao, na kidole cha shahada hulegea kidogo. Mwendo huanzia kwenye mguu wa nyuma, ukapanda kiunoni, begani, na kumalizikia mkononi. Kwa kuwa kichwa cha raketi kinaelekea chini, mkono huachiliwa kama kamba na nguvu yote hutoka mwilini. Mpira unapokuja upande wa pili vidole hubadilishana kazi, shahada ikakaza na gumba likalegea, na mchezaji akauzuia au kuusukuma mpira mbele ya tumbo lake kwa uso uleule wa raketi. Wachina waliulea msukumo huu mfupi hadi ukawa silaha kamili, kwa kuwa huurudisha mpira mapema, kabla haujapanda, na humnyima mpinzani muda wa kupumua.

Udhaifu nao uko hapohapo. Kiwiko humzuia mchezaji kufungua mkono upande wa mgongo wa mkono. Anaweza kuzuia na kusukuma, lakini kupiga kwa nguvu na kwa mzunguko kutoka upande huo ni taabu kubwa. Dawa ya kale ilikuwa miguu. Mchezaji wa mtindo wa Kijapani au Kikorea alifunzwa kuzunguka pembe ya kushoto ya meza ili kila mpira unaopigika aupige kwa kiganja, kisha arudi kulia kwa hatua ya kuvuka, mguu mmoja ukipita mbele ya mwingine. Meza ina upana wa mita 1.525 tu, lakini anayetaka kuilinda yote kwa pigo moja hukimbia sana kuliko mpinzani wake. Mtindo huu unapendeza mno machoni na unachosha mno mwilini, na anayeufunza mtoto anapaswa kujua kwamba anamfunza mbio kabla ya kumfunza mikono.

Dawa mpya ilitoka Uchina katika miaka ya 1990. Liu Guoliang, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1996 mjini Atlanta, alibandika raba upande wa nyuma wa raketi na kuanza kupiga mipira ya upande wa mgongo wa mkono kwa uso huo, kifundo kikigeuka ndani kisha kufyatuka nje. Wang Hao aliyekuja baada yake aliufanya uso wa nyuma kuwa pigo lake la kawaida, akaacha karibu kabisa msukumo wa zamani. Mbinu hii iliuokoa mshiko wa kalamu, lakini ina gharama yake. Raba ya pili huongeza kama gramu 40 hadi 50, na uzito huo wote hubebwa na vidole viwili.

Hapo ndipo mbinu inapokutana na mbao. Mshiko ndio unaoamua umbo, unene na uzito wa kibao. Kibao cha Kichina ni cha mviringo na cha tabaka, uzito wake ukiwa karibu na mkono ili kigeuke haraka mchezaji akiwa amesimama karibu na meza. Cha Kijapani ni chembamba na kirefu, kichwa kikiwa na urefu wa sentimita 16 hivi na upana wa sentimita 13 hadi 14, na pembe zilizokatwa kidogo. Urefu huo hupeleka uzito mbali na vidole, na pigo la kiganja likipata nafasi ya kutosha huwa zito ajabu. Mpini wake si mpini wa kukamata. Ni shingo fupi iliyobandikwa kipande cha gome la koki upande wa mbele, kikaachwa kimeinuka ili kidole cha shahada kipate pa kujikunja. Hubandikwa raba upande mmoja tu. Sheria zinakataza kupiga mpira kwa mti mtupu, na upande usiobandikwa raba hupakwa rangi isiyong'aa: ukiwa uso mmoja ni mweusi, wa pili uwe na rangi kali iliyo mbali na nyeusi na pia na rangi ya mpira. Hadi mwaka 2021 rangi hiyo ilikuwa nyekundu peke yake.

Mti wa kibao hicho ni hinoki, wa jamii ya msaiprasi, na ulio bora hutoka bonde la Kiso katikati ya Japani, kwenye miti iliyoishi karne mbili na zaidi. Mbao za Kiso ndizo zinazotumika kujengea hekalu la Ise, ambalo huvunjwa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, na katika enzi ya watawala wa Edo aliyekata mti huo bila idhini alihukumiwa kifo. Kinachoipa hinoki thamani mezani ni wepesi pamoja na ugumu. Mita moja ya ujazo ina kilo 410 hadi 440 tu, lakini nyuzi zake zimenyooka na pete zake za kila mwaka zimebanana, na ubao wa unene wa milimita 9 au 10 haupindi hovyo mpira unapougonga. Mpira huzama kidogo kwenye mti, ukashikwa kwa kitambo kifupi, kisha ukarushwa. Wachezaji wanaoujua mti huu huutambua hata wakiwa wamefumba macho, kwa sauti yake nzito na kwa mtetemo unaofika hadi kwenye vidole vya nyuma.

Unene unaeleza mengi kuliko jina la mti. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hauendi sambamba na unene wake. Ukiongezwa unene mara mbili, ugumu huongezeka mara nane. Ndiyo maana mti mwepesi ulio mnene hushinda mti mzito ulio mwembamba. Kwa fundi wa Mombasa hili ni somo linalopingana na mazoea. Mbao anazozienzi kwa milango na kwa vyombo vya baharini ni zile zinazoshinda mchwa, jua na chumvi. Mvule una kilo 650 hivi kwa mita ya ujazo, mbambakofi kilo 800, na mkoko unaotoa boriti huzidi hapo. Kibao cha Kijapani kina sentimita za ujazo 165 hivi. Kikichongwa kwa hinoki, mti wake hukaribia gramu 70. Kwa mvule hupita 100. Kwa mbambakofi hufika 130 kabla raba haijabandikwa. Hakuna vidole viwili vinavyoweza kuchezesha uzito huo kwa saa nzima. Fundi akiupunguza unene ili apunguze uzito, kibao hupinda na mpira huenda kokote.

Upande wa pili uko msufi, ambao ni mwepesi kupita kiasi. Una udugu na balsa, mti wa Amerika unaotumiwa na viwanda kama kiini cha baadhi ya vibao, na pia na ayous wa Kamerun na Ghana, ambao ni kiini cha vibao vingi sana vya tabaka. Peke yake msufi ni laini mno, na ukingo wake hubonyea kwa kugusa meza mara moja. Unaweza kuwa kiini, hauwezi kuwa uso. Na hapa lafaa kutajwa jambo linalouma: sehemu kubwa ya mbao zinazosifiwa katika tenisi ya meza ni za Afrika. Limba hutoka misitu ya Kamerun na Kongo, koto Afrika Magharibi, wenge bonde la Kongo. Huondoka bara hili kama magogo na ngozi za mbao, na kurudi zikiwa raketi zenye majina ya Sweden, Ujerumani, Japani na Uchina.

Mti unaofaa zaidi kwa kibao cha ubao mmoja hauko mbali na karakana za Kuze. Ni saiprasi, mbao ya kawaida kabisa ya useremala wa Kenya, inayopandwa katika misitu ya nyanda za juu na kuuzwa katika kila yadi ya mbao kisiwani. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, lakini iko katika ukoo mmoja na hinoki, na uzito wake hukaribiana nayo. Tofauti kubwa ni umri. Saiprasi ya mashamba ya serikali hukatwa ikiwa na miaka 30 hivi, na pete zake ni pana na mbao nyingi zina vifundo. Marufuku ya ukataji iliyowekwa Februari 2018 na kuondolewa mwaka 2023 iliifanya kuwa adimu na ghali kwa muda, na mafundi walilazimika kupokea chochote kilichopatikana. Anayetaka kibao hana budi kuchagua ubao mmoja kati ya mingi. Autafute ule uliopasuliwa kutoka ubavu wa gogo kuelekea kiini, ili ukitazamwa kichwani pete zisimame wima badala ya kulala. Uwe na nyuzi zilizonyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Na usiwe na kifundo hata kimoja, kwa kuwa kifundo ni kigumu kuliko mbao iliyokizunguka na mpira ukidunda juu yake hutoka na kasi nyingine.

Ubao wa inchi 6 kwa 1 una upana wa kutosha. Ikiwa haupatikani uliopasuliwa vizuri kwa upana wote, vipande viwili au vitatu vyembamba vyenye pete wima huungwa ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe na kubanwa usiku kucha. Si aibu kufanya hivyo. Vibao vya bei nafuu vya hinoki huko Japani huungwa hivyohivyo, na kiungo kilichopigwa randa sawasawa hakisikiki mkononi. Ubao mpana uliopasuliwa vibaya ni mbaya zaidi, kwa sababu hujikunja, na kibao kilichojikunja si bapa tena na refa ana haki ya kukikataa.

Mombasa ina unyevu mwingi mwaka mzima, hasa wakati wa mvua kubwa za Aprili na Mei, na mbao hunywa unyevu huo. Ubao uliokauka Nairobi huvimba ukifika pwani. Kwa hiyo huachwa karakanani wiki kadhaa, kivulini, umeinuliwa juu ya vijiti ili hewa ipite chini na juu, hadi utulie na hewa ya mji. Haraka hapa huharibu kila kinachofuata. Baada ya hapo hupigwa randa pande zote mbili kwa zamu, upande mmoja kidogo na wa pili kidogo, hadi karibu na milimita 10. Milimita moja iliyobaki huondolewa polepole mwishoni, fundi akikishika kibao kwa vidole viwili na kukigonga kwa kifundo cha kidole. Sauti kali ya juu ni dalili ya ugumu na kasi; sauti ya chini ni dalili ya ulaini na utulivu. Viwanda navyo hupanga vibao vyao kwa uzito, na mchezaji makini hupima kwa mizani na kwa sikio.

Umbo huchorwa kwa kigezo cha karatasi ngumu, nyuzi za mbao zikielekea kutoka mpini hadi ncha. Zikilazwa kwa upana, kibao hupasuka siku ya kwanza. Hukatwa kwa msumeno mwembamba nje ya mstari, kisha tupa na msasa hufikisha kwenye mstari wenyewe. Koki ya mpini ikikosekana, kipande cha msufi huweza kuchukua nafasi yake, kwani huchongeka kwa kisu na hakiongezi uzito. Kazi ya mabega ndiyo inayotenganisha kibao kizuri na kibaya. Mahali gumba linapokaa na mahali kidole cha shahada kinapopinda hupunguzwa kwa tupa na kulainishwa kwa msasa hadi vidole vikae bila kuumia. Hata wanaonunua vibao vya bei kubwa hufanya kazi hii wenyewe nyumbani, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachojua mkono wa mteja wake. Fundi aliye mtaa mmoja na mchezaji anaujua. Mchezaji huja, hushika, hulalamika, na fundi hupunguza tena. Mwisho uso hupakwa vanishi nyepesi mara moja tu, ili raba ikibanduliwa isiondoke na vibanzi, na ukingo huzungushiwa utepe, kwa sababu ubao mmoja wa jamii hii hupasuka kwa urahisi ukigonga pembe ya meza.

Plaiwudi ya dukani ndiyo njia ya mkato inayojulikana zaidi. Hutoa kibao cha watoto kujifunzia, na kwa hilo inastahili shukrani. Haitoi zaidi, kwani imejaa gundi, tabaka zake za ndani zina mapengo, na mpira hufa juu yake. Tahadhari nyingine ni gundi ya raba. Katika miaka ya 1970 wachezaji wa Ulaya waligundua kwamba gundi ya viraka vya baiskeli huifanya sponji kuvimba na kuongeza kasi, na mtindo huo ukaenea kote. Mvuke wa vimumunyisho vyake una sumu, na tangu Septemba 2008 gundi zenye vimumunyisho hivyo zimepigwa marufuku. Gundi ya maji ndiyo inayokubalika.

Ubora wa kibao cha ubao mmoja ulipata ushahidi wake mkubwa tarehe 23 Agosti 2004 mjini Athens. Fainali ya Olimpiki ya wanaume iliwakutanisha washika kalamu wawili: Ryu Seung-min wa Korea Kusini, mwenye kibao kinene cha hinoki na pigo la kiganja, dhidi ya Wang Hao wa Uchina, mwenye raba pande mbili na uso wa nyuma. Ryu alishinda seti 4 kwa 2, akikimbia pembe hadi pembe mchezo mzima. Ulikuwa ushindi wa shule nzima ya mchezo, na baada yake haujapatikana mwingine wa kiwango hicho. Mpira ulikuwa umeshaongezwa kutoka milimita 38 hadi 40 mwaka 2000, na mwaka 2014 ukatoka seluloidi ukawa plastiki. Mpira mkubwa huzunguka kwa kasi ndogo na kurudi mara nyingi zaidi, na anayeilinda meza kwa pigo moja huchoka kabla ya mpinzani wake.

Mshiko wenyewe haukufa. Ma Lin alichukua dhahabu ya Beijing mwaka 2008, Wang Hao akawa bingwa wa dunia mwaka 2009, Dang Qiu wa Ujerumani akawa bingwa wa Ulaya mwaka 2022, na Félix Lebrun wa Ufaransa alipata shaba ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 17. Wote wametumia uso wa nyuma, na mtindo huo huhitaji kibao chepesi. Kwa wanaouiga, fundi wa ubao mmoja ana jibu pia: unene ukipunguzwa hadi milimita 8 hivi, na kichwa kikifupishwa kidogo, saiprasi iliyochaguliwa vizuri hubeba raba mbili bila kuvunja mkono. Kitakuwa cha polepole kuliko cha ushindani wa juu, na kwa mchezaji anayejifunza hilo ni afadhali.

Shule na vilabu vya kisiwani vinavyotaka kuanzisha tenisi ya meza visisubiri raketi za kuagizwa. Vipeleke kigezo cha karatasi kwa seremala wa mtaa, vimwombe saiprasi isiyo na vifundo, unene wa milimita 10, nyuzi kwa urefu, na kumpelekea mtoto atakayekishika kibao ili apime mabega kwenye vidole vyake. Raba zenye nembo ya ITTF zinunuliwe kando.